Mshumaa wa Mzunguko wa Tatu

"Dafrosa, hebu nambie kweli, huyo binti yenu ana dada wangapi?"

Bi Faiza aliuliza swali hilo siku moja ya Novemba, amesimama mlangoni na sahani ya mahamri iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa jirani wa mlango wa pili katika jengo lile la Burnsville, Minnesota, mama wa Mombasa, muuza vitambaa na manukato, na hakuna gari lililoegeshwa pale chini asilijue ni la nani na limeleta nini.

"Hana hata mmoja," Dafrosa akajibu. "Wema ana kaka watatu, basi. Kwani vipi?"

"Kwani leo wamekuja wanne! Wazungu watupu, mmoja nywele nyekundu kama karoti. Kila nikimuuliza wewe nani, aniambia, mimi ni dada yake Wema. Nikasema makubwa! Huyo baba mtu alipita wapi na wapi?"

Dafrosa alicheka mpaka akashika ukingo wa mlango. Wema alikuwa jikoni anachagua mchele, akacheka naye kimya kimya. Lakini mlango ulipofungwa alisikia kicheko cha shangazi yake kikikatika ghafla, kama redio iliyochomolewa.

"Wema."

"Abee, Shangazi."

"Hicho chama chenu cha udada. Ni kweli mnaapishana kwa mishumaa, taa zikiwa zimezimwa?"

"Hatuapishani, Shangazi. Tunaahidiana tu. Kusoma kwa bidii, kusaidiana, na kuhudumia watu."

"Kanisa halitoshi kwa hayo matatu?"

Wema aliendelea kuchagua mchele.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wake wa mwisho katika chuo kimoja kidogo cha Saint Paul. Baba yake, mwalimu mstaafu wa Kibosho, alimkabidhi kwa dada yake Dafrosa kwa maneno machache sana: amrudishe na cheti. Na siku atakayosikia Wema ametaja mwanamume kabla ya cheti, tiketi ya kurudi nyumbani itakuwa mezani. Dafrosa aliweka mkono juu ya Biblia akakubali. Hakuwa mtu wa kuweka mkono juu ya Biblia kwa mchezo.

Chama aliingizwa na Susan, aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja, na ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wale wasichana. Walikuwa kumi na tisa, Wema wa ishirini. Jumatatu jioni walikutana. Jumatano walikaa maktaba saa nne nzima, na asiyefika alitafutwa chumbani na kuletwa hata kama amevaa kandambili. Ni wao waliomtoa Wema kwenye shimo la kemia. Lois, yule wa nywele za karoti, alimfundisha mlinganyo mmoja mara saba bila kukunja uso, na siku Wema alipopata alama nzuri, Lois ndiye aliyelia.

Tena Desemba bibi yake Wema alifariki Kibosho, bibi aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Hakuweza kwenda kuzika. Dafrosa aliposikia alipika chai, akapanda gari mpaka Saint Paul akijua atamkuta mtoto analia peke yake. Alikuta nyumba nzima imeketi sakafuni. Wasichana kumi na tisa, wengine na vitabu vyao mapajani, wamemzunguka Wema, hakuna anayesema kitu. Walikaa hivyo siku tatu, wakienda darasani kwa zamu na kurudi. Hakuna aliyewafundisha matanga. Dafrosa aliwamiminia chai mmoja mmoja, na tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za mishumaa.

Lakini kulikuwa na kijana wa makoti, na huyo Dafrosa hakumsahau.

Huduma ya mwaka ule ilikuwa kukusanya makoti ya baridi na kuyapeleka kwa watu wasio nayo, familia zilizotoka kambi za wakimbizi Kenya na kufika Minnesota na kanga na ndala. Wema alipewa kusimamia, na kwa kuwa hakuwa na gari, mtu kanisani alimwelekeza kwa Ambakisye. Kijana wa Tukuyu, miaka ishirini na minane, mhandisi katika ofisi moja ya Saint Louis Park. Gari lake la buluu lilikuwa na mlango mmoja mweupe uliotoka kwenye gari lingine, na hita yake ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi.

"Unaishije Minnesota na gari lisilo na hita?" Wema alimuuliza siku ya kwanza.

"Naendesha haraka," akasema. Kisha akavuta makoti mawili kutoka nyuma, akamfunika moja magotini. "Na wewe ndiye umeniletea dawa. Nilikuwa sijui."

Susan alikuwa na sharti lake. Koti lolote halitoki mpaka mifuko yake ipekuliwe na watu wawili, mmoja baada ya mwingine, maana humo mlikuwa na funguo, sindano, hata meno ya bandia. Wema alipekua wa kwanza, Ambakisye wa pili. Jumamosi nne mfululizo walikaa kwenye ghala la kanisa kule Blaine, mikono mifukoni mwa watu wasiowajua, wakiongea. Ambakisye alimweleza habari za baba yake, mchungaji wa kanisa la Moravian. Alimweleza jinsi alivyokaa miaka sita bila kusikia mtu akimwita kwa jina lake lote bila kulivunja.

"Ambakisye," Wema akasema.

"Sema tena."

"Nimeshasema. Shika koti."

Jumamosi ya nne Wema alirudia koti moja la mtoto, kwa kuwa alidhani amelisahau. Mfukoni mkawa na pipi ya mnanaa. Akapekua la pili, pipi. La tatu, pipi. Akamtazama Ambakisye, naye akainamisha macho kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mtoto akipewa koti la mtu," akasema taratibu, "akitia mkono mfukoni akakuta kitu, ataona koti lilikuwa linamngoja yeye."

Wema alilikunja lile koti vizuri kuliko makoti yote aliyokunja mwaka ule. Kuanzia hapo, kila alipotazama nje ya dirisha la maktaba, macho yake yalitafuta mlango mmoja mweupe.

Hakumwambia. Na yeye hakusema. Walikuwa wamelelewa vizuri wote wawili, na kila mmoja alimngoja mwenzake.

Ndipo ukaja mshumaa.

Chama kile kilikuwa na desturi ya kutangaza uchumba. Dada akishachumbiwa humwambia kiongozi peke yake. Jumatatu dada wote wanasimama duara, taa zimezimwa, mshumaa mmoja wenye utepe unapita mkono kwa mkono huku wanaimba. Mzunguko wa kwanza ni wa udada tu. Wa pili ni wa aliyepewa na kijana mkufu. Wa tatu, anayeuzima mshumaa ndiye mchumba, na hapo hata mlinzi wa nje atasikia kelele. Wema alielezwa haya Septemba pamoja na mambo mengine mia, yakaenda.

Jumatatu ile ya Februari alikuwa amekesha na kemia. Mshumaa ulipita mara moja, ukapita mara ya pili. Mara ya tatu ulipofika mikononi mwake, wimbo ukaisha.

Kule Kibosho, kwa bibi yake, sala ya jioni ilikuwa na mshumaa mmoja. Mtoto aliyeushika wimbo wa mwisho unapoisha ndiye anayeuzima, upesi, maana mshumaa ni wa kesho pia. Wema alifanya hivyo jioni elfu moja za utoto wake. Hakufikiri. Midomo ilijiendea yenyewe.

Fuu.

Kelele zikapasua nyumba. Taa ziliwashwa, mikono kumi na minane ikamkumbatia, mtu akalia sikioni mwake. "Nani? Nani?" walikuwa wanauliza, na Susan, ambaye naye alikuwa amepigwa na butwaa, maana siri aliyoijua ilikuwa ya mwingine, hakupata nafasi ya kusema kitu, akadhani labda Wema naye amechumbiwa. Mmoja akapiga kelele, "Nani mwingine! Yule wa makoti!"

Wema alifungua kinywa kukana. Kisha akamwona Lois upande wa pili wa duara. Lois alikuwa amekunja ngumi kifuani, na kidoleni pete mpya, aliyokuwa ametoka kuivaa gizani. Wema akaelewa kila kitu kwa mara moja: mshumaa ulikuwa wa Lois. Lois akatikisa kichwa polepole: usiseme.

"Mimi nitapata mshumaa mwingine," Lois alimwambia baadaye kwenye ngazi, alipomfuata kumwomba radhi. "Lakini walipotaja jina lake, Wema, hukukana. Mimi nilikuwa nakutazama."

Wiki ile ilikimbia mbele yake kama basi aliloachwa nalo. Jumanne, mmoja wa wasichana aliyepata namba kwenye orodha ya jamaa alipiga simu Burnsville kutoa pongezi, akaacha ujumbe kwenye mashine ya simu. Alhamisi, wasichana tisa walikwenda Saint Louis Park saa ya chakula cha mchana, kama desturi yao ilivyotaka, wakasimama kwenye theluji mbele ya ofisi wakamwimbia Ambakisye wimbo wa bwana harusi. Wema alikuwa kwenye mtihani. Aliposikia, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

"Alifanyaje?" akauliza.

"Alisimama tu," Susan akasema. "Wenzake wote dirishani wanacheka. Alipokea ua, akatushukuru mmoja mmoja. Wema, yule kaka alikuwa na machozi."

Jumamosi Wema aliwaita wote, akawaambia kweli, akamwomba Lois msamaha mbele yao. Walicheka, wakamkumbatia, wakasema Jumatatu Lois atapewa mshumaa wake. Lilikuwa limebaki moja tu, kumwambia Ambakisye, na hilo alipanga kulifanya Jumapili jioni. Ila Jumamosi hiyohiyo jioni shangazi yake alipiga simu.

"Kesho saa tisa uwe hapa. Kuna wageni. Vaa gauni la heshima."

"Wageni gani, Shangazi?"

"Utawaona."

Na sasa ilikuwa saa tisa na nusu, Jumapili, na Wema alikuwa ameketi kwenye kitanda cha shangazi yake, mlango umeachwa wazi kidogo. Dirisha lilitazama maegesho. Pale chini, kati ya magari yaliyofunikwa theluji, lilikuwepo gari la buluu lenye mlango mmoja mweupe. Vioo vyake vilikuwa vimefunga ukungu wa pumzi.

Kijana wa kuposa haingii nyumbani siku ya posa. Desturi ni hiyo kwa wazee, na Ambakisye aliwatii wazee. Nje kulikuwa na nyuzi kumi na tano chini ya sifuri.

Sebuleni Mzee Humphrey alikuwa anafuta miwani. Alifika Minnesota tangu miaka ya sabini kusoma, akabaki, na hapakuwa na Mtanzania aliyeoa au kuzika pale bila yeye kuombwa aseme neno.

"Nilikuwa nije na mwenzangu Mudrick," alisema, "lakini ameteleza kwenye barafu jana, mkono uko kwenye plasta. Kwa hiyo mama, utanivumilia, nitasema kwa niaba ya wawili."

"Ukisema kwa niaba ya wawili, chai utakunywa vikombe viwili," Dafrosa akajibu. "Karibu, Mzee."

"Ahsante. Sasa mama, sisi wa Tukuyu na ninyi wa Kibosho ni watu wa mgomba wote. Si wageni kabisa."

"Ni kweli. Tofauti yetu ni kwamba sisi ndizi tunajua kuzipika."

Mzee Humphrey akacheka kwa kikohozi. "Hilo tutalijadili siku nyingine tukiwa na njaa." Akatoa mfukoni leso nyekundu, akaifungua juu ya sahani. Ndani yake mlikuwa na bahasha nyeupe. "Tumekuja na hii. Tusingekuja kwa kujituma. Tulisikia kwamba katika nyumba ya akina dada, binti wa hapa amepuliza mshumaa, na kwa desturi ya huko aliyepuliza ametamka. Na jina lililotajwa ni la kijana wetu. Wenyewe walikuja kumwimbia. Tukasema, binti akishatamka kwa heshima namna hiyo, sisi tukikaa kimya tutakuwa tumemwaibisha. Ndiyo maana umetuona."

Chumbani, Wema alisogeza sikio mpaka kwenye upenyo wa mlango.

"Mzee," Dafrosa akasema hatimaye, "umesema vizuri, na mimi sina budi kufuata utaratibu. Binti aulizwe. Wema!"

"Abee."

"Njoo uwasalimie wageni."

Alitoka. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo."

"Sijambo."

Dafrosa alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, kitambaa cheupe kichwani. Uso wake ulikuwa mtulivu kama sahani. "Wema, mgeni huyu ameleta barua. Anasema wewe unaijua sababu ya barua hii. Sasa nakuuliza mbele yake. Unawafahamu watu hawa? Niipokee, nisiipokee?"

Neno moja tu lilitakiwa. Nawafahamu. Aliliona limekaa pale kwenye ulimi, tamu, limeiva. Akilisema, shangazi angeweza kukasirika, baba angeweza kukata tiketi, lakini Ambakisye angejua amependwa, na angeitwa atoke kwenye lile gari. Asiposema, angemwaibisha mbele ya mzee huyu, mbele ya ofisi nzima iliyomcheka dirishani. Na angeweza kumkosa. Alitazama dirishani, akafumbata mikono.

"Shangazi, kabla sijajibu, nisamehewe. Mshumaa ule niliuzima kwa makosa."

Mzee Humphrey akavaa miwani yake.

"Haukuwa wangu. Ulikuwa wa Lois. Wimbo ulipoisha mikononi mwangu nikauzima kama tulivyokuwa tukizima kwa Bibi. Sikujua ninachofanya. Wenzangu wakataja jina la Ambakisye wenyewe. Yeye hakuniahidi lolote, na mimi sikuwa nimemwahidi. Mzee, hukutumwa na neno langu. Ningewaambia mapema, nikaogopa. Nimekosa."

Mzee Humphrey hakukasirika kwa sauti. Ilikuwa vibaya zaidi. Alichukua ncha moja ya leso, akaikunja juu ya bahasha. Kisha ncha ya pili.

"Kijana amempigia baba yake simu Tukuyu," akasema kama anajisemea. "Ijumaa. Walisali kwenye simu."

Wema akafunika mdomo.

Hapo hapo mlango ukagongwa, haraka haraka, na kabla ya mtu kuitika ukafunguliwa. Bi Faiza, shela imemkaa upande.

"Samahani jamani, sitaki kuingilia ya watu. Lakini pale chini kuna kijana garini anageuka samaki wa barafu! Nimemgongea kioo, nikamwambia, mwanangu ingia kwangu unywe kahawa, nani atajua? Anambia, ahsante mama, sitoki mpaka niitwe. Midomo imekuwa rangi ya gari lake. Dafrosa, huyo ni wenu au nimwite polisi?"

"Ni wetu," Dafrosa akasema, kisha akajirekebisha, "ni wa Mzee hapa. Ahsante, jirani. Tunamshughulikia."

"Mshughulikieni mapema," Bi Faiza akasema, akiitazama leso nyekundu mezani, akaelewa, akafunga mlango polepole sana.

Dafrosa aligeuka kwa Wema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kawaida.

"Jumanne mashine ya simu iliniambia nimepata mkwe. Nilisikiliza mara tatu, kwa kuwa Kiingereza cha yule binti kina mbio. Siku tano nimekaa na maneno yale. Sikukupigia. Sikumwandikia baba yako. Nilisema, nitangoja nione kama mtoto niliyekabidhiwa ataniletea kweli mwenyewe, au nitakwenda kuitafuta. Leo umeileta, tena mahali pagumu." Akakaza kitambaa kichwani. "Sasa swali nililokuuliza bado hujanijibu. Mshumaa nimeusikia. Weka mshumaa pembeni. Huyu aliyeko garini unamfahamu?"

Wema alitazama chini. Machozi yalianguka mawili juu ya zulia, akayaona yakiingia.

"Namfahamu," akasema. "Anaweka pipi kwenye mifuko ya makoti ya watoto, Shangazi. Anadhani hakuna anayemwona."

Mzee Humphrey alikuwa ameshika ncha ya tatu ya leso. Akaiachia.

"Ni Mmoraviani, si Mkatoliki kama sisi," Dafrosa akasema.

"Najua."

"Baba yako atasema mengi."

"Najua, Shangazi."

"Na cheti?"

"Cheti ni Mei. Sitaki kuolewa kabla ya Mei. Nisingetaka hata kama mngenilazimisha. Akina dada wamekaa na mimi maktaba mwaka mzima, nitawatupaje mlangoni?"

Dafrosa alivuta pumzi ndefu, akaiachia. Midomo yake ilisogea; alikuwa anasali, Wema alijua, sala fupi aliyokuwa akisali kila alipoingia barabara kuu yenye magari. Kisha akanyoosha mkono, akaisogeza ile sahani mpaka katikati ya meza, mbali na Mzee Humphrey, mbali na yeye pia.

"Mzee, sikia. Barua hii leo sitaipokea, kwa sababu imekuja kwa njia ya makosa, na mimi nilimwapia kaka yangu. Wala sitairudisha. Itakaa hapa haijafunguliwa. Mei, siku mtoto huyu atakayoweka cheti pembeni yake, mje tena, na huyo Mudrick mkono wake ukiwa umepona. Siku hiyo nitampigia kaka yangu simu mimi mwenyewe, na ugomvi wake niachieni mimi."

"Hilo ni neno la mtu mzima," Mzee Humphrey akasema. "Nimelikubali."

"Lakini kijana lazima aambiwe habari za mshumaa leo. Asikae na furaha ya uongo mpaka Mei. Akisikia, akaona ameaibishwa, akataka barua yake, ni haki yake, tutampa bila kinyongo."

"Ni haki yake kweli." Mzee alikuna kidevu. "Ila mama, mimi nilitumwa kuleta. Sikutumwa kwenda kumwambia mtu kwamba wimbo alioimbiwa haukuwa wake. Aliniambia usiku ule hakulala. Mimi ulimi wangu hautaweza."

Saa ya ukutani ilisikika. Nje, mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, kra, kra, akapumzika, akaendelea. Wema alijua bila kuchungulia ni nani.

Alisimama. Akaenda kwenye kibao cha viatu karibu na mlango, akavaa buti, akafunga kamba moja baada ya nyingine, bila haraka. Akashusha koti lake.

Dafrosa alikuwa ameingia jikoni. Alirudi na chupa ya chai na kikombe kimoja, akamtazama Wema usoni muda mrefu, kama mtu anayesoma barua kutoka mbali. Kisha akarudi jikoni tena. Akaja na kikombe cha pili.

"Funga kofia vizuri," akasema. "Na msikae sana. Gari lenyewe halina hita."

Wema akaipokea chupa kwa mikono miwili, akaviweka vikombe vyote mfukoni mwa koti, akafungua mlango, akatoka.